Mkono Uliopimwa Ukiwa na Joto

Kila asubuhi Getruda huchemsha maji na kuukanda mkono wa kulia wa mumewe, Limbu. Asipoukanda, vidole vinakauka kama kuni. Limbu hawezi kumenya hata ndizi moja.

Limbu alikuwa akikata minofu ya sangara katika kiwanda cha samaki hapa Bukoba. Siku moja kreti lililojaa barafu lilimwangukia mkononi. Mfupa uliunga, lakini mshipa wa fahamu haukupona. Akatumwa kwa daktari apimwe ulemavu, ili alipwe fidia ya kuumia kazini.

Sasa sisi na adabu zetu! Eti huendi mbele ya mkubwa ukiwa umejikunja. Siku hiyo Getruda aliukanda mkono kuliko siku zote, akaufunga kitambaa cha moto. Limbu alimsalimia daktari kwa mikono miwili. Kila alipoulizwa hali, alijibu hajambo, anamshukuru Mungu. Daktari angeandika nini? Aliandika kwamba mkono umepona. Mfuko wa fidia ukafuata maneno hayo, na kiwanda kikamwita arudi kwenye kisu.

Limbu alitaka kurudi, yaishe. Getruda hakukalika. Juu ya barafu mkono ule hausikii kitu. Mumewe angejikata vidole asijue. Alimkimbilia Zabibu, jirani yao wa Miembeni, ambaye ni msaidizi wa sheria.

Zabibu alisikiliza habari za maji ya moto, akatikisa kichwa.

"Shemeji, siku ile daktari alipima kazi ya mkeo," alimwambia Limbu. "Mkono wako ni ule wa asubuhi, kabla haujakandwa."

Akawaeleza kwamba uamuzi wa mfuko unaweza kupingwa. Kwanza unaomba upitiwe upya. Ukikataliwa, unakata rufaa, na mwisho unaweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kila hatua ina muda wake, kwa hiyo ukichelewa umejifungia mlango.

Waliomba, wakakataliwa. Wakakata rufaa, wakakataliwa tena. Kiwanda kilimweka Limbu kulinda getini kwa muda tu, na Getruda alikonda kwa wasiwasi. Hatimaye shauri likafika kwa jaji.

Jaji si daktari, na hakuushika mkono. Aliuliza kama aliyempima Limbu alijua kazi yake na baridi ya pale kazini. Taarifa ya daktari haikusema lolote. Akaamuru apimwe upya, kwa kuangalia kazi aliyokuwa akiifanya.

Siku ya kupimwa mvua ilinyesha. Getruda alibandika maji kwa mazoea, akakumbuka, akayamwaga. Kwenye benchi la hospitali aliikalia mikono yake mwenyewe, maana vidole vya Limbu vilikuwa vimekauka na roho ilimuuma.

Daktari aliuliza hali. Limbu akamtazama mkewe.

"Sijapona, daktari," alisema. "Mkono huu hauwezi kushika kisu."

Daktari alimpa barafu aishike kidogo, kisha kalamu. Kalamu ikaanguka, na Limbu hakujua mpaka alipoisikia sakafuni.

Ulemavu ulitambuliwa, fidia ikalipwa, na Limbu akabaki getini moja kwa moja. Lakini siku ile, kabla hata majibu hayajatoka, Getruda alikuwa ameshaudaka mkono ule mlangoni kwa daktari, anaukanda mbele za watu.