Skuta Nyekundu ya Flavia

"Flavia, nipe ufunguo. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Ndiyo kazi ya macho."

Misa ilikuwa imekwisha. Nje ya kanisa pale Mbinga, vyombo vipya vya usafiri vilisubiri baraka, na cha mwisho kwenye mstari kilikuwa skuta ya Flavia, fundi cherehani wa sokoni. Aliinunua kwa fedha za kahawa ya shamba lake, ya kumpeleka kazini na kumrudisha. Oili alibadilisha mwenyewe, chujio la hewa alisafisha mwenyewe.

Sasa asubuhi hiyo mchumba wake Blasius, dereva wa bodaboda, alikuwa amemtumia ujumbe: "Mama anasema haipendezi mwanamke kusimama na pikipiki mbele ya Padre. Nitasimama mimi badala yako. Usiniaibishe, leo linasomwa tangazo la pili la ndoa yetu."

Flavia alimpenda, jamani. Akampa ufunguo.

"Hii ya nani?" Padre Kilian akauliza.

"Yangu, Padre," Blasius akajibu bila hata kupepesa macho.

Flavia akahisi damu inachemka. Yake tangu lini?

"Haya, iwashe tuibariki."

Blasius akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Mguu wa kushoto ukapapasa kutafuta gia, na skuta haina gia! Wenzake wa kijiweni wakaangua kicheko.

"Mbovu hii," akasema, jasho likimtoka. "Nilimkataza Flavia asininunulie kopo."

Hapo ndipo alipoyakoroga.

"Kopo ni wewe!" Flavia akapasua kundi la watu. "Shika breki kwanza, ndipo ubonyeze. Samahani, Padre, skuta ni yangu. Na kama huyu anaona aibu mimi kuwa na changu, tangazo la tatu lisisomwe!"

Mama Blasius akashika mdomo.

"Flavia," Blasius akanong'ona, "niliogopa. Wangesema nimeolewa."

"Na sasa wanasemaje?"

Blasius akashuka. Akamrudishia ufunguo mbele ya wote.

"Padre, nimedanganya. Ni ya mchumba wangu."

Maji ya baraka yakanyunyizwa. Flavia akabana breki, skuta ikawaka mara moja.

"Panda."

"Nyuma? Tutapita kijiweni!"

"Tena polepole."

Blasius akawatazama wenzake. Akamtazama mama yake. Kisha akapanda, akamshika Flavia kiuno.

"Na tangazo la tatu?" Padre akapaza sauti.

"Lisome, Padre! Tena kwa kipaza sauti!" Flavia akajibu.