Kaka Yangu Alifuta Damu ya Nyati

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, mama wa mabinti wawili. Ninaishi kijiji kimoja kusini mwa Chamwino, upande wa kwenda Mtera, ambako mashamba yetu ya uwele yanapakana na pori la wanyama linalotunzwa na vijiji. Ndugu wasomaji, haya sikusimuliwa na mtu... yamenipata mimi.

Mume wangu Elisha alikuwa mfuga nyuki, mtu mpole mno. Kaka yangu wa tumbo moja, Daudi, ndiye aliyemleta nyumbani anioe, maana walikuwa marafiki tangu wakichunga ndama. Daudi alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Mwindaji akija na kibali, kaka ndiye anamsindikiza porini kuhakikisha haui zaidi ya alichoruhusiwa.

Msimu ule alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini na kibali cha nyati mmoja. Utaratibu huku hata sisi wanawake tunaujua: ukimjeruhi mnyama, huyo ndiye wako. Utamfuata mpaka ummalize, na kibali chako kimeishia hapo. Nyati mwenye risasi mwilini haachwi, kwani huyo hasamehe!

Jioni Daudi alituletea paja zima la nyama. Akasema mgeni alifyatua mara moja tu, mnyama chini. Nilipika, tukala kwa furaha, Elisha akimtania shemeji yake kwamba sasa amekuwa bwana mkubwa. Daudi mwenyewe hakugusa. Alidai tumbo linamsumbua. Ningejuaje mimi?

Keshokutwa yake asubuhi Elisha alikwenda kukagua mizinga. Nilikuwa nyuma yake kidogo na ndoo ya asali kichwani. Nikasikia vichaka vinavunjika...

Nyati alimpiga mume wangu ubavuni, akamrusha juu, na alipoanguka akampiga tena! Elisha aliita jina langu. Nilitupa ndoo, nikapiga mayowe, nikarusha mawe mpaka mikono ikachubuka. Mnyama hakunigeukia hata kidogo. Alimkanyaga, akamsaga ardhini kama ana kisasi naye. Jamani! Mnajua uchungu wa kumkusanya mumeo kwa khanga uliyoivaa?

Mchana maofisa wa wanyamapori walifika wakamuua yule nyati. Walipompasua wakakuta risasi ya siku chache tumboni, kidonda kimeanza kuoza, kinatoa funza. Ofisa akainua kichwa, akauliza, "Huyu alipigwa akaachwa. Nani alikuwa na wawindaji upande huu?"

Watu wote wakamtazama kaka yangu.

Daudi alipiga magoti mbele yangu. "Mdogo wangu," alisema, "mgeni alimpiga huyu kwanza, nyati akakimbilia kichakani. Mgeni akakataa kumfuata, akataka mwingine mwenye pembe kubwa, ndiye mliyemla. Alikuwa ameniahidi kazi ya udereva mjini... Niliona damu kwenye majani. Nikaifuta kwa kiatu."

Akaifuta! Alijua mauti yamelala karibu na mizinga ya shemeji yake, akanyamaza, akanibebea na nyama! Mtu wa tumbo moja nami!

Tulimzika Elisha kesho yake. Udongo haujakauka, nilisimama katikati ya waombolezaji nikiwa kama mwendawazimu. Niliwapigia kelele ndugu za mume wangu, "Daudi amemuua ndugu yenu, na ninyi wanaume mmekaa mnakunywa chai?"

Ndugu wasomaji, maneno yale nayatapika mpaka leo.

Waliondoka na marungu na mapanga. Nami niliwafuata, sikutaka kuwazuia, nilitaka kuona! Walimburuta Daudi kutoka ndani. Rungu lilimvunja mguu, nikasikia mfupa ukilia. Panga likampitia vidole. Mama yetu mzazi, aliyekuwa akiishi naye, akatoka mbio akamlalia mwanawe kifuani, akipiga kelele kwa Kigogo wamwache. Shemeji yangu Petro alikuwa ameshainua jiwe. Akalirusha...

Lilimpata mama kichwani. Alifia palepale juu ya mwanawe. Damu yake ilitiririka usoni kwa Daudi, na kaka akawa anamwita, "Mama! Mama!" huku watu wakitimua mbio.

Petro yuko gerezani, na mimi ndiye niliyetoa ushahidi. Yule mfanyabiashara alishtakiwa. Daudi naye alifungwa kwa kuficha, akatoka akitembea kwa magongo. Wakwe zangu walinifukuza, wakisema niliwatuma kisha nikawageuka. Wamesema uongo?

Nilirudi kwenye nyumba ya mama. Nimkute nani? Kaka. Hakuna kijijini anayetutaka zaidi ya sisi wenyewe. Nasonga ugali, naweka mlenda, tunanawa katika bakuli moja. Yeye ananyoosha mkono usio na vidole, nami ninautazama. Wanangu wanamwita mjomba. Usiku namsikia akimwita mama usingizini... hapana, sitaki kusema ya usiku.

Nawasihi ninyi mnaosindikiza wawindaji: mnyama akijeruhiwa, semeni! Mgeni atanuna, ataondoka, lakini pori mtabaki nalo ninyi na watoto wenu. Na wewe dada uliyefiwa, uliyejaa hasira ya haki kabisa, funga mdomo wako mbele ya wanaume wenye mapanga. Nenda polisi, lia, jigaragaze chini, lakini usiwaonyeshe njia. Kundi la watu likishainua mawe halichagui tena wa kumpiga.