Gari Lililofukizwa Udi

Kila siku nikirudi chuoni, ami Talal ananisubiri barazani kwetu Kiembe Samaki, simu mkononi. Mimi ndiye msomaji wake wa Kiingereza. Wiki ile tulisoma kitu kimoja tu: gari la mbio, jekundu, viti viwili, lililotengenezwa kwa soko la Japani.

"Kawthar, niangalilie tena. Hili la Japani lina tofauti gani na la Ulaya?"

"Redio inasema Kijapani, ami."

"Basi ntajifunza."

Bibi yangu, Bi Asila, hakucheka. Ili aliagize gari hilo, ami alitaka kuuza gari yake ya abiria, Noah, inayopeleka wageni hoteli za Kiwengwa, na Noah hiyo ndiyo inayotulisha. "Viti viwili," bibi akasema. "Wageni utawapakata?"

Jumamosi tukaenda kwa wakala wa kuagiza magari, mtu anaitwa Jecha. Alikuwa nalo moja la aina hiyo, la mteja mwengine. "Lako litatoka yadi hiyohiyo ya Japani," akasema. "Pacha wake." Alipofungua mlango, harufu ya udi ikatupiga kama tumeingia nyumba ya harusi. Ami akafumba macho kwa raha.

Jecha akanipa hedifoni mpya. "Piga klipu nzuri, mwanangu, ukamwoneshe bibi."

Nikaingia, nikaanza kurekodi. Hedifoni zikaniponyoka, zikaangukia chini ya kiti. Nikatia mkono. Zulia limeloa, linateleza kama utumbo wa samaki. Nikalinyanyua: tope jeusi, ukungu wenye manyoya, mende waliokufa wamegandana. Na chini ya udi wote ule, harufu ya dagaa waliooza. Nikazitoa hedifoni upesi. Simu bado inarekodi.

Jecha akainama dirishani. "Maji ya mvua tu hayo," akaninong'oneza. "Usimtie ami yako wasiwasi. Hedifoni ni zako."

Nikazifuta, nikazitia mfukoni. Nikanyamaza.

Nyumbani nikaosha mikono kwa sabuni mara tatu. Harufu ipo palepale. Bibi akapakua pilau, tonge la kwanza likanishinda. Ami naye anasema kesho mnunuzi anakuja kuchukua Noah.

"Kawthar."

"Naam, bibi."

"Mbona huli? Na kinanuka nini hapa?"

"Sijui."

Akaninusa mikono, akaninusa nguo, akatia vidole mfukoni mwangu. Akazitoa zile hedifoni kwa ncha za kucha, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. "Uchafu huu umeutoa wapi?"

Nikalia. Nikasema yote, nikawawekea klipu. Ami akaitazama mara mbili, akaisukuma sahani yake mbali.

"Gari hili lilizama mafurikoni," akasema. "Na huyo pacha wake nani atamwamini? Mimi nimesimama pale nanusa udi kama mjinga."

Akampigia mnunuzi: Noah haiuzwi. Kisha tukarudi kwa Jecha. Alipoanza kutabasamu, nikamtilia hedifoni zake mkononi. "Zinanuka," nikamwambia. Ami hakumsalimia hata.

Tuliporudi, bibi alikuwa anafukiza kanga zake kwa chetezo cha udi. Akaniita nikae karibu.

"Sisi tunafua kwanza, ndio tunafukiza," akasema. "Yule amefukiza uchafu. Ukiona baya, mwanangu, sema palepale, hata kama nshakupa zawadi mimi mwenyewe. Maana uliponyamaza, wewe ndiye uliyekuwa unamshikia chetezo."