Sadaka Isiyo na Deni

Melenaite alikuwa akipanga mafungu ya viazi vikuu sokoni Talamahu pale kijana mwenye ovaroli lililopakaa grisi alipojikwaa kwenye kikapu chake, viazi vikatapakaa njiani. Kijana akaviokota, akaomba radhi, akanunua fungu. Kesho yake akarudi kununua jingine.

"Kwenu mnakula viazi tu?" Melenaite akamtania.

"Kwetu tumeshavichoka. Nawagawia majirani nipate sababu ya kurudi."

Ndivyo alivyomjua Lisiate, fundi wa injini za boti aliyehamia Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, kutoka visiwa vya Vava'u. Penzi likashika moto. Lisiate akajiunga na kanisa la kina Melenaite, akapuliza tarumbeta kwenye bendi yao, na jioni simu zao zilikuwa haziishi.

Ikakaribia misinale, sadaka kuu ya mwaka, ambapo kila familia huitwa kwa jina kutoa, kisha majina na viasi husomwa mbele ya wote kuanzia kikubwa hadi kidogo. Sokoni Melenaite akasikia kwamba Lisiate amekopa fedha nyingi, akaweka vifaa vyake vya kazi rehani. Akampigia simu palepale.

"Ni kwa ajili yenu, mpenzi," Lisiate akasema. "Jina la marehemu baba yako lisomwe mwisho, watu wacheke?"

"Baba alikopa kila mwaka ili asisomwe mwisho. Amekufa, madeni nimelipa mimi. Sasa wewe unataka kunioa mimi au kumrithi yeye?"

Lisiate akakata simu. Hawakusemeshana tena mpaka siku ya sadaka.

Siku hiyo Melenaite alivaa gauni jeusi na mkeka wa maombolezo kiunoni, kama wafanyavyo wafiwa wa huko. Familia yao ilipoitwa, akaweka mezani noti moja ya paanga hamsini. Shangazi Fusi, dada wa baba yake, ambaye neno lake halipingwi ukoo mzima, akamnong'oneza aahidi kwamba nyingine zinakuja.

"Hakuna nyingine," Melenaite akasema, kanisa zima likasikia. "Hii ni jasho letu. Mungu hajawahi kunituma kwa mkopeshaji."

Minong'ono ikazagaa. Lisiate alipoitwa, akatoa bahasha nene ya mkopo, aliyokusudia kuitoa kwa jina la baba yake Melenaite, akaitazama, akairudisha mfukoni. Akaweka noti mbili zilizokunjamana.

"Ile si yangu," akasema. "Kesho inarudi kwa mwenyewe."

Ibada ilipokwisha akamfuata Melenaite uani. Akakiri kwamba alitaka kumpa heshima, kumbe alikuwa anamnunulia mzigo.

"Nikuoe kwa hiki kidogo nilicho nacho?"

"Hicho ndicho ninachokitaka."

Shangazi Fusi alikuwa amewakaribia. Akasema ndoa bila nguruwe kumi ni fedheha, na hapana atakayehudhuria.

Melenaite akaushika mkono wa Lisiate mbele ya macho ya shangazi.

"Shangazi, nakuheshimu. Lakini tutachinja mmoja, tuliyemfuga wenyewe. Anayekuja kwa ajili ya nguruwe, abaki kwao."

Wakatoka getini wameshikana mikono, waumini wote wakiwatazama.