Matone ya Babu

Kila siku saa moja asubuhi babu alijilaza chali kwenye kochi la sebuleni, akavua miwani, akaita kwa sauti ya mtu anayemwita karani wake, "Yuko wapi mtaalamu wangu?"

Mtaalamu mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumba nzima ilimwita Chapuchapu. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu hakuna jambo alilolifanya polepole. Alikula chapuchapu, alioga chapuchapu, na akifagia uani nusu ya taka zilibaki zikimcheka. Ila mbele ya macho ya babu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinawa mikono kwa sabuni. Alivuta taratibu kope la chini, akadondosha tone moja, kisha akabonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua, huku akihesabu hadi sitini mara mbili. Halafu jicho la pili.

Babu alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho, na bila matone yale asubuhi na jioni angepofuka kidogo kidogo. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyemfundisha Chapuchapu kazi hiyo, na siku ya kumkabidhi ile chupa ndogo hakuwa na mzaha.

"Dawa hii ni ya babu yako peke yake. Isiingie jicho la mtu mwingine yeyote. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista," Chapuchapu alijibu, kifua mbele. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini kwa jambo kubwa namna ile.

Basi ikafika Jumamosi ya fainali. Timu ya wasichana ya shule yao ilikuwa haijawahi kufika fainali tangu shule ijengwe, na Chapuchapu alicheza winga wa kulia. Usiku mzima aliota magoli. Asubuhi alimtia babu dawa yake, babu akanywa chai kisha akaenda kuoga, naye akabaki sebuleni akifunga na kufungua kamba za viatu kwa mara ya sita.

Mjomba akaingia. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa fundi baiskeli na aliishi chumba cha uani. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na pampu yake ya kuvuta dawa haikutoka mfukoni. Lakini pumu haikumzuia kuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na siku hiyo ndiye aliyechaguliwa kutangaza mpira kwa kipaza sauti. Alikuwa amevaa shati jipya. Tatizo lilikuwa macho: jana yake alishinda akipiga msasa rimu zilizoshika kutu, na vumbi lilimwacha na macho mekundu kama nyanya.

"Mpwa wangu, hebu nitie hiyo dawa ya mzee."

"Hapana, mjomba. Ni ya babu peke yake. Sista alisema."

"Kwani ni sumu? Ingekuwa sumu, babu yako angekuwa bafuni anaimba?" Mjomba akajitupa kwenye kochi. "Leo nasimama mbele ya shule nzima. Unataka waseme mjomba wa winga ni mlevi?"

Chapuchapu akacheka. Kucheka ndiko kulikomponza. Ilikuwa saa mbili na nusu, timu inakutana saa tatu, na mjomba alikuwa mjomba. Akachukua chupa, akadondosha matone mawili jicho hili na mawili jicho lile, chapuchapu, bila kunawa mikono wala kubonyeza pembe ya jicho. Akairudisha chupa kwenye rafu na kutoka mbio.

Saa nne kamili filimbi ikalia. Uwanja ulijaa hadi watu wengine walikaa juu ya ukuta. "Anaupata mpwa wangu!" kilinguruma kipaza sauti. "Anampita mmoja! Anampita wa pili! Jamani, huyu mtoto amekula nini leo?" Uwanja mzima uliangua kicheko, na Chapuchapu alijisikia ana miguu minne.

Lakini kabla ya mapumziko sauti ya mjomba ilianza kukatika. Alikohoa. Alisema maneno mawili, akakohoa tena. Kipindi cha pili kilipoanza, bado timu hazijafungana, kipaza sauti kilitoa mluzi mwembamba tu. Ulikuwa mluzi wa kifua chake. Chapuchapu aligeuka akamwona mjomba ameinama, mikono magotini, anavuta pampu yake mara moja, mara mbili, mara nne. Siku zote mivuto miwili ilitosha. Leo ilikuwa kama anavuta hewa tupu.

Mwalimu wa michezo na mama walimkokota hadi kituo cha afya, ng'ambo ya barabara. Chapuchapu aliwafuata na jezi yake, bila kumwomba refa ruhusa.

Muuguzi hakupoteza hata dakika. Alimkalisha mjomba kitandani, akambana kidole kwa kipimo cha hewa ya damuni, akamvika barakoa inayotoa mvuke wa dawa ileile ya kwenye pampu, lakini nyingi zaidi. Kipimo kilisoma tisini kwa mia, chini ya kawaida. Baadaye themanini na nane. Muuguzi akakunja uso.

"Dawa hii ingekuwa imeshamfungua," alisema. Akamwinamia mjomba. "Kaka, umemeza dawa yoyote leo? Vidonge? Umechomwa sindano?"

Mjomba akatikisa kichwa. Wala hakudanganya: hakuwa amemeza kitu zaidi ya chai.

Chapuchapu alisimama mlangoni. Matone! Lakini macho na kifua wapi na wapi? Akisema, Sista atajua kwamba hakutimiza ahadi. Babu atajua. Chupa atapewa mtu mwingine, na mtaa mzima utasema yule mtoto karibu amuue mjomba wake. Na huenda matone hayana kosa lolote, ataaibika bure. Nyamaza, alijiambia. Sista ni mtaalamu, atajua la kufanya.

Kisha akaona kucha za mjomba. Zilikuwa zimeanza kuwa za samawati.

"Sista!" alipiga kelele, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilimtia dawa ya babu!"

Muuguzi aligeuka kwa kasi hadi sinia la vifaa likaanguka chini. "Dawa ipi?"

"Ya macho. Matone mawili kila jicho. Saa mbili na nusu. Aliniomba, lakini mimi ndiye niliyemtia."

"Una uhakika ni ile ile?"

"Ndiyo, Sista."

"Nenda kalete chupa, nisome jina lake kwa macho yangu. Kimbia!"

Hapo ndipo Chapuchapu alipokimbia kuliko siku zote za maisha yake. Njia ya mkato ilipita katikati ya uwanja, na mashabiki walipomwona anaingia wakashangilia, "Winga karudi! Winga karudi!" Beki wa wapinzani akamfuata kumkaba. Chapuchapu akampita, akaupita mpira wenyewe, akatokea upande wa pili na kupotea. Hadi leo yule beki hajaelewa ulikuwa mchezo gani.

Nyumbani, babu alikuwa sebuleni. "Kuna nini, mjukuu wangu?"

"Babu, nimekosa! Nitakueleza!" Akanyakua chupa, akatoka.

Aliporudi, muuguzi alikuwa tayari amemwekea mjomba oksijeni na simu iko sikioni. Daktari wa zamu alikuwa upande wa pili. Muuguzi alisoma jina la kwenye chupa herufi kwa herufi, akasikiliza, akasema, "Sawa, Daktari. Ndiyo, mara moja." Akaongeza dawa nyingine kwenye mashine ya mvuke, kisha akamchoma mjomba sindano mkononi. Mama alishika ukuta. Chapuchapu alishika mkono wa mama. Wote wakakikodolea kipimo macho.

Themanini na tisa. Tisini na moja. Daktari mwenyewe alifika, akasikiliza kifua mbele na nyuma. Tisini na tatu. Ule mluzi ukaanza kulegea. Ilipofika tisini na sita mjomba alivuta pumzi moja ndefu, akafumbua macho, na mama akapiga kigelegele humo humo ndani ya kituo cha afya bila kuomba radhi.

Muuguzi alivuta stuli, akamkalisha Chapuchapu, ambaye sasa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Unataka kujua ulichofanya?"

"Ndiyo, Sista. Macho na kifua vinahusianaje?"

"Mwilini kuna kazi ambazo hazingoji uamuru. Moyo hudunda, njia za hewa hupanuka na kubana, na wewe umelala. Kuna neva zinazopeleka maagizo hayo. Pampu ya mjomba wako hufika kifuani, hubisha hodi kwenye milango fulani, na kusema: panukeni. Dawa ya babu yako huifunga milango ya namna ileile. Kwenye jicho ni jambo jema, maji hupungua na presha hushuka. Lakini tone haliishii jichoni. Ukilia, pua yako hufanyaje?"

"Hutiririka."

"Kwa sababu kuna kitundu kati ya jicho na pua. Dawa hupita hapo, ikaingia kwenye damu, ikafika kifuani. Ndiyo maana nilikufundisha kubonyeza ile pembe. Lakini mtu mwenye pumu hapaswi kuipata hata akibonyezwa. Leo pampu ilibisha hodi, milango imefungwa. Ningeendelea na dawa ileile tu, ningekuwa nabisha kwenye ukuta. Ulipotuambia, tukaongeza dawa inayopita njia nyingine: inazinyamazisha zile neva zinazobana kifua."

Wakati huo golikipa wa timu yao aliingia mbio, glavu bado mikononi. "Tumeshinda! Moja bila! Beki wao alikuwa bado anakutafuta wewe, tukapita upande ule ule!" Akamwona mjomba na barakoa yake, akajiziba mdomo. Chapuchapu alimkumbatia na kumwaga machozi mengine kwenye glavu.

Nyuma yake aliingia babu, fimbo mkononi, akihema. Chapuchapu akasimama wima mbele yake.

"Babu, nilimtia mjomba dawa yako. Sista alinikataza. Halafu nilitaka kunyamaza. Kama unataka mtu mwingine akutie dawa, ni haki yako."

Babu alimtazama mjomba, akamtazama muuguzi, akamtazama mjukuu wake. Haikujulikana kama atagomba au atalia.

"Huyu mkubwa mwenzangu ndiye wa kugombezwa kwanza," alisema, akimnyooshea fimbo mjomba. "Wewe, mjukuu wangu, jioni nakungoja saa moja. Lakini hesabu yako ya sitini isikimbie."

"Nami nina langu," alisema muuguzi. "Nilimwuliza mgonjwa amemeza nini, akanijibu kweli tupu, na kweli hiyo ikanipoteza. Kuanzia leo nitauliza: nini kimeingia mwilini mwako, kwa njia yoyote ile? Tone la jicho ni dawa. Mafuta ya kupaka ni dawa. Na dawa iliyoandikwa kwa mtu mmoja inaweza kumponya huyo na kumuua jirani yake."

Akamshika Chapuchapu mabega.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na anayeficha kosa la dawa, kifo kinaweza kumchukua mtu mwingine. Kukosea umekosea, na usisahau. Lakini ulisema mapema, wakati maneno yako bado yalikuwa na kazi ya kufanya. Watu wazima wengi hawawezi hilo."

Mjomba akainua mkono kutoka kitandani, akasogeza barakoa, akafungua kinywa kama mtu anayetaka kutangaza.

"Wewe," wote wakasema kwa pamoja, "nyamaza!"