Vidonge vya Mama Chini ya Godoro

"Nabwile... sipati pumzi!"

Jamani, bakuli la uji lilinitoka mkononi. Mama alikuwa ameketi kitandani, midomo rangi ya majivu, miguu imevimba hadi magotini.

Nikavuta godoro nimwegemeze ukutani...

Vidonge vikamwagika sakafuni. Vya siku nyingi!

Ilikuwa 2008, hapa Kitale. Saratani ya titi ilikuwa imetulizwa na dawa ya dripu, ile ya kusaidia kinga ya mwili kupigana. Lakini dawa hiyo hiyo ikaudhoofisha moyo wake. Daktari akaisimamisha, akampa vidonge vya kupunguza maji mwilini.

"Asipovimeza, maji yatajaa kwa mapafu," alituonya.

Nikamrukia jirani yetu Chepkosgei, aliyekuwa ameingia mbio. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa dawa nikiwa sokoni.

"Umeniulia mama!"

"Ati mimi? Si alikuwa anameza nikiona!"

"Mwache," mama akanong'ona. "Nilizificha chini ya ulimi, akitoka natema."

"Kwa nini, mayi?"

"Zinanikojoza kila mara. Na choo cha ploti ni kimoja... Nipishane na mkwe wangu mlangoni? Afadhali nife!"

Watu wa kwetu Bungoma mnanielewa. Mama mkwe hatumii choo kimoja na mkwe wake. Ndiyo sababu tulimkodia chumba chake, kwenye ploti ile ile ya kupanga. Choo tukasahau!

Mume wangu Hesbon alikuwa nje, amegeuza uso.

"Mwambie mama atumie hicho choo," akasema. "Mimi tangu aje natumia cha sokoni."



Kumbe! Kutoka alfajiri, kurudi giza likiingia... nami nilishaamua moyoni kwamba ana mwanamke!

Mama akajaribu kucheka, pumzi ikamkatika. "Mkwe wangu huyu! Mbona hakusema?"

"Amwambie nani, bana?" Chepkosgei akafoka. "Si mnakimbiana!"

Hospitalini walimtoa maji, akapumua. Akarudi, akameza kila kidonge, akaenda choo bila woga. Lakini moyo ulikuwa umechoka sana.

Tulimzika kijijini kwetu Kabuchai mahindi yakikomaa. Hesbon alisimama mbali, uso ameugeuza, kama heshima inavyotaka. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Wewe unayeuguza mtu, usimuulize tu kama amemeza dawa. Muulize anaogopa nini akishaimeza.

Mimi jibu nililipata chini ya godoro, nikiwa nimechelewa.