Wageni Wasije Wakanusa

Harufu ilianza Jumatatu asubuhi ndani ya kabati la vitambaa. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua. Mama fundi, mshonaji wa nguo za harusi, alitoa jora moja moja, asione hata alama ya moto. Jumanne harufu ikahamia jikoni. Jumatano ilimsubiri bafuni, na alipoingia alisikia pumzi ikivutwa nyuma ya pazia, taratibu, kana kwamba ni yeye anayenuswa.

Mganga aliitwa siku hiyo hiyo. Alizunguka vyumba vyote bila viatu, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, humu mna jini, na anatafuta mwili wa kukaa. Nitarudi Jumapili kumtoa. Mpaka hapo, chumba kinachonuka, mtoe binti yako haraka. Pua zenu ndizo kinga yenu."

"Na tusiposikia harufu?"

"Basi hamtajua alipo."

Wakaishi hivyo, mama na bintiye wa pekee, Kidosho, wakihama chumba hadi chumba kama kuku waliovamiwa na siafu.

Shida ilikuwa Jumamosi. Wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kumwona Kidosho, nao walishaahirisha mara mbili. Watu hupulizia manukato nyumbani kwa sababu nyingi, huyu kakaanga samaki, yule anafuga paka, lakini hasa hasa ni kuogopa mdomo wa mgeni. Mama fundi aliuogopa kuliko jini. Jumamosi hiyo mchana akashika kopo la manukato ya mawaridi.

"Mama, mganga si alisema..." Kidosho alinong'ona.

"Kwani mganga ndiye atakayekuoa? Kavae, mwanangu. Ni saa moja tu."

Akapulizia sebule, korido, jikoni, chumba alimovalia Kidosho, mpaka kopo likakohoa, na ndani ya ukungu ule wa mawaridi akatambua kwamba hajui tena jini yuko wapi, kwamba huenda wamesimama bega kwa bega, akanusa mapazia, akanusa mito, akapiga magoti akanusa zulia, na kila mahali palinukia mawaridi, na kutoka chumbani kwa bintiye akaisikia ile pumzi ikivutwa, ndefu, ndefu mno, wala isitolewe.

"Kidosho?"

"Abee, mama."

Binti akatoka amependeza, anatabasamu. Hodi ikapigwa.

Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. "Nyumba yenu inanukia, jamani!" alisema mama mkwe mtarajiwa. Alimpenda Kidosho pale pale, akaomba waende naye kwa gari akamsalimie bibi yao asiyeweza kutembea. Mama fundi alitaka kukataa, lakini angesema nini? Alimkumbatia mwanawe, na pua yake ikapata mawaridi tu.

Walipotoka alifungua madirisha yote. Upepo wa mvua ukaingia kwa nguvu, ukayafagia mawaridi. Akanusa kabatini, jikoni, bafuni, akiitafuta ile harufu aliyoichukia wiki nzima, sasa akiiomba iwepo. Hapakunuka kitu. Akaingia chumbani kwa Kidosho. Hapakunuka kitu.

Akakimbilia dirishani. Gari lilikuwa bado uani, dereva akisubiri mvua ipungue. Mvua ilikuwa inamwagika, na wakwe walikuwa wameshusha vioo vyote, kila mmoja kaziba pua, isipokuwa Kidosho.